Vifungo Ishirini vya Mabawa

Leicester, Uingereza
4 Februari 1990

Ndugu yangu Shaib,

Kabla hujasoma mstari wa pili, mfikishie Bi Tabia shikamoo yangu, maana najua ukishaanza kusoma husikii la mwadhini wala la mnadi samaki. Mimi mzima. Baridi ya huku haina haya, lakini tumeshazoeana.

Sasa kaa kitako. Mchezo wetu umetoka toleo jipya. Usidhani ni kuongezewa kurasa mbili tatu. Wameuandika upya toka jalada: namna ya kupigana imebadilika, waganga wamebadilika, hata majoka yamenenepa. Lile letu aliloniletea baba mwaka 1981 sasa linaitwa la zamani, na kumbe lina makosa chungu nzima ambayo tulikuwa tukiyacheza kwa moyo safi. Sisi huku tumeshahama wote.

Dada yangu Alefiya anakuja Tanga baada ya Idi kumwona bibi pale Usagara. Nimempa vitabu viwili vipya na dadu za kweli, Shaib, pamoja na ile ya pande ishirini, nyekundu kama peremende. Basi vile vifungo vipumzike. Bado nina alama kidoleni ya ile sindano ya moto niliyoandikia namba, moja mpaka ishirini, juu ya vifungo vya koti vya dukani kwetu kwa sababu kitabu kilikuja bila dadu. Vimetufaa, vimemaliza kazi yake.

Nina mambo mawili. La kwanza, hameni mapema. Nimeomba likizo ya Desemba na inshallah nakuja, nami nataka nikikaa mezani tuwe na kanuni moja. La pili, Alefiya akirudi mpe kile kitabu cha zamani. Baba hayupo tena, Mungu amrehemu, na katika maisha yake yote kile ndicho kitu alichoninunulia bila kuuliza bei. Nilikuachia wewe amana kwa kuwa najua kukuachia wewe kitu ni sawa na kukiweka msikitini.

Bado mnakutana kila Ijumaa kwa Hatibu? Na Sadala wangu yu hali gani, bado yumo kaburini Tongoni?

Ndugu yako,
Irfan Kutbuddin


Mabawa, Tanga
1 Machi 1990

Kwa Irfan, mhamaji wa vyote vihamikavyo,

Shikamoo imefika. Mama anasema marahaba, na anauliza kama huko hiliki inapatikana au mnakunywa maji ya moto tu. Mimi bado karani wa mizani kwenye ghala la mkonge. Robota zikipungua kilo moja wananiita mimi, zikizidi kilo moja wananiita mimi. Namshukuru Mungu.

Umetutaka tuhame. Basi kwanza nikutajie nchi unayotaka tuihame, kwa kuwa umeipa kisogo miaka saba.

Ndiyo, tunakutana kila Ijumaa baada ya alasiri, kwenye chumba cha cherehani cha Hatibu. Wiki iliyopita jirani mmoja mgeni alitukuta pale, watu wazima wanne tumezunguka kopo la maziwa ya unga, akauliza tunapiga ramli au vipi. Nikamweleza kwamba kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, mimi msimulizi nawaambia wamefika wapi na mbele yao kuna nini, wao wanasema watafanya nini, na kifungo kinachochotwa koponi ndicho kinachosema jambo limewezekana au limeshindikana, namba kubwa ikiwa ndiyo heri. Akauliza mshindi ni nani. Nikamjibu hakuna mshindi, muradi wote watoke hai. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Hatibu bado ni Ngwamba, mganga wa mifupa. Dada yangu Asmahani, ambaye sasa ni mwalimu wa darasa la tatu, bado ni Zume mwenye mkuki. Fanueli wa posta ndiye Kilindo, yule anayesoma nyayo. Na Sadala wako, mfungua makufuli, bado amelala ndani ya kaburi la nguzo pale Tongoni na sumu ya nyoka mwilini, palepale ulipomwacha siku ile mwaka 1983. Nilisema siku ile kaburi litafunguka kwa ishirini tu, na kwamba hakuna wa kumchotea mtu ila mwenyewe. Kauli yangu sijaibadili. Kila tukipita Tongoni tunampigia hodi.

Kifungo cha ishirini kilipotea siku hiyohiyo. Tulipekua chumba kizima, hata ndani ya cherehani, hatukukiona, wala hatukutia kingine mahali pake. Nchi yetu ina vifungo kumi na tisa, na mtu akitaka makubwa kuliko uwezo wake tunamwambia angoje ishirini.

Lingine hulijui, nami najivunia kukwambia. Ulipoondoka ilikuwa miaka ya foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, sabuni kipande kimoja kwa kaya. Siku moja Hatibu akachota kumi na tisa, akataka kukirudisha koponi kama tulivyozoea. Asmahani akamshika mkono, akamwambia, "Kaka Hatibu, mgao wako umeshapata. Waache na wenzio wapate." Tangu hapo kifungo kikichotwa hakirudi mpaka kopo liishe. Kila namba itatoka, na itatoka mara moja. Ukipata moja leo unajua haipo tena, imeshakupitia. Sijaona mahali duniani bahati ikigawanywa kwa haki namna hiyo.

Kuhusu kitabu, hakijatoka Mabawa hata siku moja. Hilo niamini.

Vitabu vya dada na vije, mgeni hafukuzwi mlangoni. Kuhama ni neno jingine.

Wako,
Shaib Jaku


Leicester
25 Machi 1990

Shaib,

Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka bibi mmoja akahama kiti. Kifungo kisiporudi koponi hiyo si bahati, hilo ni duka la ushirika! Kanuni inasema kila utupaji uanze upya, dadu haina kumbukumbu. Mtu anaweza kupata ishirini mara tatu mfululizo na mwenzake akapata moja mara tatu, na ndipo utamu ulipo. Naambiwa foleni zimekwisha, naambiwa mitumba imejaa soko la Mgandini mpaka njiani, kila mtu anauza anachotaka. Nyinyi bado mnagawa bahati kwa kadi?

Sikutukani. Ulifanya ulivyoweza kwa kitabu kibovu. Lakini sasa kuna kizuri.

Nakukumbusha tulichoandika wenyewe kwa kalamu ndani ya jalada mwaka 1981, sote tukatia sahihi: mzozo ukizuka, mwenye kitabu ndiye mwenye neno. Mwenye kitabu ni mimi. Sitaki kufika huko, basi jaribuni kwanza.

Na hebu nifungulie kitabu cha zamani kwenye ile sura ya sumu. Kinasemaje, mtu anaweza kulala siku ngapi? Niandikie maneno yenyewe.

Irfan


Mabawa
28 Mei 1990

Ndugu Irfan,

Dada Alefiya amefika, vitabu vimefika. Karatasi yake laini, picha zake nzuri, sina ubishi. Dadu nyekundu ilizungushwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, na Fanueli akainusa.

Tumejaribu kwa haki. Ijumaa tatu tumecheza kwa kanuni zako mpya, neno kwa neno, mimi nikisoma na Asmahani akinisahihisha Kiingereza changu bila huruma. Naandika yaliyotokea bila kupunguza wala kuongeza, ndiyo kazi yangu.

Ijumaa ya kwanza Asmahani alitupa ishirini. Namba hiyo hatujaiona tangu uondoke, basi tulipiga makofi mpaka wapita njia wakachungulia. Akatupa tena ishirini, na baada ya kitambo kidogo ya tatu. Fanueli akasema twende mbio Tongoni tukalifungue kaburi. Nilikataa. Sadala ana mwenyewe.

Ijumaa ya pili Hatibu alipata mbili, moja, nne, moja. Ya tatu akaanza na moja. Ngwamba aliteleza kwenye mawe ya mto, akavunjika nyonga, na yeye ndiye mganga wa mifupa. Kwa kanuni zetu tungemwambia Hatibu moja yako imekwisha, inayokuja ni nafuu. Kwa kanuni zako akatupa tena, ikaja moja. Ngwamba amekufa, Irfan. Miaka minane ameunga mifupa ya kila mtu katika nchi ile. Hatibu alifunika cherehani yake, akatuaga kama tumekuja kushona.

Meza imegawanyika. Asmahani na Fanueli wanataka toleo jipya, wanasema lina roho, mtu hajui kesho yake. Hatibu hataki hata kuiona ile dadu. Mimi nataka letu, nawe wajua. Wawili kwa wawili. Wamesema neno liachiwe mwenye kitabu, kama ilivyoandikwa. Sikubembelezi. Nakwambia tu kwamba ukisema tuhame, nitawakabidhi kiti cha msimulizi, wasimulie wengine. Siwezi kuiongoza nchi ambayo siijui milima yake.

Kuhusu sumu, mtu hulala mpaka mwenyewe arudi. Na dada yako alipokuja kufuata kitabu bahati mbaya nilikuwa ghalani.

Shaib


Leicester
20 Juni 1990

Shaib,

Alefiya amenipigia simu. Amekuja kwako mara tatu, si mara moja. Mara ya tatu Bi Tabia alimkaribisha vizuri, akamwekea mkate wa kumimina na chai, na alipotaja kitabu mama yako akaingia jikoni asitoke tena. Dada yangu amekula mkate peke yake, akaondoka bila kuagwa. Tangu lini nyumba yenu mgeni haagwi?

Na ile sura ya sumu naikumbuka kama sura ya baba. Inasema siku saba, ya nane mtu hufa. Sadala alikuwa wa kufa wiki ile ile niliyopanda ndege. Nilikuuliza makusudi. Wewe umenijibu maneno ambayo hayamo kitabuni.

Basi nakuuliza kwa Kiswahili chepesi. Kitabu changu kiko wapi?

Na kama mnangoja neno langu, neno ni hili: hameni.

Irfan


Mabawa
15 Julai 1990

Irfan,

Nimeichukua barua yako mpaka ghalani nikaisoma nyuma ya robota, maana sikutaka mama anione uso.

Kitabu chako kimeungua. Kiliungua wiki ile ile uliyoondoka, Mei 1983. Unaikumbuka hali. Walikuwa wakipekua nyumba hadi nyumba wakitafuta waliolimbikiza bidhaa, na kila kaya ilikuwa ikitupa kitu, huyu katoni ya sabuni, yule betri za redio. Jirani yetu wa nyuma alimwaga mafuta ya kula chooni, watoto wake wakilia. Mama hajui Kiingereza. Aliona kitabu kinene cha nje, kina picha za majoka na majedwali ya tarakimu, hakina risiti, nacho kimetoka kwenye nyumba ya mwenye duka ambalo limefungwa juzi. Nilipotoka kazini alikuwa amekaa mbele ya jiko, jalada ndilo lililobaki. Akaniambia, "Mwanangu, miye kitabu sikijui. Nawajua wapekuzi." Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo. Majivu aliyazika chini ya mkomamanga wetu. Niliposema hakijatoka Mabawa sikusema uongo, lakini nilikudanganya, na mtu mzima anajua tofauti yake.

Ile ilikuwa amana. Nimekula amana yako miaka saba, nikapokea sifa zako za msikitini nikazikalia. Ninaona haya, Irfan. Haya hiyo ndiyo ilinifungia ghalani siku dada yako alipokuja.

Sasa sikiliza lililobaki. Ijumaa iliyofuata Hatibu na wenzake walikuwa wakiningoja kama kawaida, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Ningewaambia na kitabu nacho kimekwenda, mchezo ungekufa siku ile. Nikachukua ratiba ya treni ya mwaka 1967, kuukuu, nene kama kitabu chetu, nikaifunika karatasi ya kaki, nikaiweka mapajani. Mtu akiuliza kanuni nafunua kurasa, natazama saa za kuondoka Korogwe na saa za kufika Mombo, nafikiri, kisha nasema kanuni inasema hivi. Ya kwanza niliikumbuka kutoka kitabuni. Ya pili niliikumbuka nusu. Kufika mwaka 1985 nilikuwa sikumbuki tena, natunga, na kila nikirudi nyumbani naandika nilichotunga ili wiki ijayo nisijipinge. Karatasi zilikuwa hazipatikani, nimeandika nyuma ya fomu za mizani. Sasa ni madaftari saba. Namna ya kupigana, namna ya kuganga, bei ya vitu penye soko na pasipo soko, adabu za kuingia mji wa watu, majini gani wanaogopa nini. Yote kwa Kiswahili, yote yanafanya kazi, yamepimwa Ijumaa mia tatu na zaidi.

Umeandika kwamba nilifanya nilivyoweza kwa kitabu kibovu. Hapana. Sikuwa na kitabu. Nchi yote ile imetoka hapa.

Juzi nimewaambia wote, mezani. Nilifunua karatasi ya kaki nikawaonyesha treni. Asmahani alinitazama kama mwanafunzi aliyeiba mtihani, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Fanueli aliuliza je, zile adabu za mji wa Kwamgumi ni zangu pia, nikasema ni zangu. Hatibu aliendelea kupiga pindo. Kisha akasema, "Mimi ni fundi. Nguo ya dukani naijua, na ya kushonewa naijua. Nilijua siku nyingi kwamba hii ni ya kushonewa."

Mwenye kitabu ndiye mwenye neno, lakini kitabu hakipo, kwa hiyo hata hilo neno sijui liko kwa nani. Wenzangu wameamua liendelee kuwa lako. Umesema tuhame. Ukilirudia hilo baada ya kusoma barua hii, tutahama siku hiyohiyo.

Nimekunakilia madaftari yote saba. Imenichukua majuma mawili na kalamu nne. Fanueli ameyafunga kifurushi kwa mkono wake. Uliniachia kitabu kimoja. Hiki ndicho ninachoweza kukurudishia, na ukikipima, sidhani kama kimepungua.

Nisamehe.

Shaib Jaku


Leicester
2 Septemba 1990

Kaka Shaib,

Nimekukasirikia majuma mawili kamili. Nilikuwa naandika barua kichwani nikiwa kazini kiwandani, nampasha msimulizi wa ratiba za treni. Kisha nikafungua daftari la kwanza ili nipate makosa ya kukuandikia. Nilisoma mpaka chai ikapoa, nikapika nyingine nayo ikapoa. La nne nimelisoma mara mbili. Ile sura ya bei za vitu pasipo soko, Shaib, nilisikia harufu ya duka la baba.

Sasa na mimi nina kaburi langu la kufungua.

Niliandika "sisi huku tumeshahama". Hakuna sisi. Tangu nije nchi hii sijakaa meza hata moja. Mwaka wa kwanza niliona tangazo dukani, nikaenda, nikasimama mlangoni, nikasikia wanavyoongea upesi na kucheka, nikarudi nyumbani. Vitabu nanunua, nasoma peke yangu kitandani, natupa dadu juu ya blanketi. Nilitaka muhame mjifunze kanuni ninazozijua, ili Desemba nikija nisiwe mgeni. Nyinyi mlikuwa na nchi nzima, mimi nina dadu na blanketi.

Na kifungo cha ishirini hakikupotea. Ninacho. Siku ile ya mwisho kwa Hatibu uliposema kaburi litafunguka kwa ishirini tu, nilikitazama pale mezani nikawaza, nikikiacha, Ijumaa ijayo watamtoa Sadala bila mimi, na mwaka ujao watakuwa wamenisahau. Nikakitia mfukoni. Kimekaa mfuko wa kila suruali niliyovaa miaka saba. Nikiwa kwenye mashine nakisugua kwa kidole gumba, mpaka kingo zake zimelika. Wewe umekula amana yangu bila kupenda. Mimi nimeiba cha kwenu kwa kupenda. Mungu atusamehe sote wawili.

Kimo ndani ya bahasha hii, nimekishonea kwenye kipande cha kitambaa kisitoboe.

Neno langu, kama bado ni langu: msihame. Yale mauti ya Mei yalikuwa ya kanuni za kuazima, Ngwamba hakufa, mwambieni Hatibu amnyanyue. Chochote kizuri mtakachokiona kwenye vitabu vipya kichukueni, Asmahani asinilaumu, lakini nchi ni ya madaftari.

Ombi moja. Umesema hakuna wa kumchotea mtu ila mwenyewe. Kwenye ndoa mtu akiwa mbali huweka wakili. Namweka Bi Tabia awe wakili wangu, amchotee Sadala kwa mkono wake. Mwambie sina kinyongo naye, na mkate wake Alefiya bado anausifu.

Kifungo kikitokea kwa mwingine si kitu, Sadala atangoja kopo lijalo. Amezoea.

Irfan


Mabawa, Tanga
13 Oktoba 1990

Ndugu yangu Irfan,

Nakuandikia asubuhi baada ya Ijumaa, kabla sijaonana na mtu yeyote wa kunipotezea maneno.

Barua yako niliwasomea yote, hata ya blanketi. Usione haya. Hatibu alisema tangu leo mtu asiwataje walio mbali kwa mzaha mbele yake. Asmahani alichukua kitabu kipya akasoma ile sura ya waganga, na kwa kweli ni bora kuliko yangu, basi imeingia. Sasa kuna daftari la nane, na juu yake nimeandika Toleo la Mabawa. Dadu nyekundu tumempa Ngwamba, anaitumia kama jiwe la dawa. Amefufuka mwembamba kidogo.

Mama alivaa kanga mpya. Nilipomwambia umemweka wakili alikaa kitandani akauliza, "Miye niliyemchomea chake?" Nikamwambia, ndiwe hasa anayekutaka. Akatia udi chumba kizima kabla ya kutoka.

Kifungo tulikitoa kwenye kitambaa mbele ya wote, tukakitia koponi na wenzake kumi na tisa. Hatibu akalitikisa. Viti vinne, vifungo ishirini, kila mmoja mara tano. Nilianza kusimulia tangu wanatokea Mabawa kwa miguu, maana sikutaka haraka, na kila penye jambo mtu akachota. Hatibu alichota tisa, kisha kumi na nne. Asmahani alipata kumi na tisa, Fanueli tatu. Mama alikuwa anachota wa mwisho kila zamu, anaingiza vidole viwili kama anaonja chumvi, na alipotoa cha saba alikitazama kwa mashaka akauliza kama kina ubaya. Tukamwambia hakina.

Walipofika Tongoni mezani palikuwa na vifungo kumi na sita. Ishirini ilikuwa haijatoka. Zilibaki mbili, tano, kumi na moja na ishirini, kila mtu anaziona kwa hesabu. Hatibu akaingiza mkono, akakaa nao koponi kitambo, akatoa mbili. Ngwamba alipojaribu kulisukuma jiwe la kaburi aliumia bega. Asmahani naye akakawia, uso wake ameuelekeza dirishani, akatoa tano. Fanueli akatoa kumi na moja.

Mama akaingiza mkono. Akasema, "Kimebaki kimoja tu. Ndicho chenyewe?"

Nikamwambia, "Ndicho, mama."

Akakitoa, akakiweka juu ya meza taratibu. Hakukisoma namba. Asmahani alikuwa wa kwanza kulia na Fanueli akafuata, na mimi nikasimulia jinsi kaburi lilivyofunguka, lakini sauti yangu haikuwa nzuri, kesho nitalisimulia tena vizuri daftarini.

Baadaye nilikuwa nakusanya vifungo. Kumi na tisa vina makovu ya sindano yako, vinakwaruza. Cha ishirini ni laini kama kokwa ya ukwaju, kimekwisha kingo, miaka saba ya kidole chako. Mtoto angekitambua akiwa amefumba macho. Nilibaki nacho mkononi, na nikawaza kwamba mikono mitatu ilipita humo mara kumi na tano, na mmoja wao ni fundi cherehani mwenye miaka ishirini na tano ya kazi, anayetia uzi sindanoni bila taa.

Nikamuuliza Hatibu wakati tunafunga dirisha. Akasema, "Vidole vyangu vimekufa ganzi, bwana karani. Sijui unasema nini."

Mimi ni karani wa mizani, Irfan. Ghalani ningeandika kosa na kutia sahihi. Hapa nimeandika kwamba jiwe lilisogea.

Sadala amekaa ukingoni mwa kaburi, anapangusa vumbi, anaona njaa ya miaka saba. Amewauliza wenzake maneno mengi na hawajamjibu hata moja, kwa sababu msimulizi amekataa kumsemea. Atakaa hapo mpaka Desemba. Njoo umsemee mwenyewe.

Shaib Jaku,
msimulizi na mtunzi wa Toleo la Mabawa